Dakika 480, Nyuzi 48

Saa saba na dakika kumi mchana, siku ya Jumanne, Mama Konsolata wa Mwandiga alibonyeza kitufe chekundu kwenye mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Alibonyeza kwa sababu kengele ilikuwa imelia, na kadi niliyoibandika mlangoni mwa mashine ilisema: KENGELE IKILIA, ONGEZA MAJI, KISHA BONYEZA KITUFE CHEKUNDU. Aliongeza maji. Akabonyeza. Ndani mlikuwa na mayai mia mbili na arobaini ya kuku wa kienyeji, yakiwa na siku kumi na moja. Kuanzia dakika ile mashine ilianza kuyapika.

Mashine haikuharibika. Ninawaomba mlishike hilo kabla sijaendelea. Ilikuwa inatii programu niliyoiandika mimi, mstari kwa mstari, bila kuruka hata mmoja.

Nimefunga karakana yangu ya Ujiji mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na sita. Macho hayaoni tena miguu ya chipu, na mteja akimwona fundi amevaa miwani mbili kwa wakati mmoja huanza kuuliza bei ya kifaa kipya. Tangu nifunge, vijana mnanijia na maswali, na swali linalorudi mara nyingi ni moja: namba iliyo katika fanksheni hii, fanksheni ile nyingine itaipataje? Nimechoka kulijibu nimesimama mlangoni. Ninaliandika hapa mara moja.

Kwa asiyejua: programu ya lugha ya C hugawanywa katika vipande vinavyoitwa fanksheni. Kila kipande kina kazi yake. Kimoja kinasoma joto, kingine kinawasha balbu, kingine kinageuza trei za mayai. Namba zinakaa katika vigeu. Kigeu ni kisanduku chenye jina; ukiandika joto = 378, basi kisanduku kiitwacho joto kina 378 mpaka atokee wa kukibadilisha. Ugumu wote wa kazi yangu, kwa miaka kumi na moja, ulikuwa ni nani huyo anayetokea.

Nilijifunza C kutoka kwenye kitabu cha fotokopi. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa akisubiri meli hapa Kigoma, akaniazima kitabu chake kwa siku mbili. Nilikipeleka kwa Feruzi, aliyekuwa na mashine ya fotokopi mjini, nikamlipa, nikarudi jioni kuchukua. Nyumbani nikagundua kwamba baada ya ukurasa wa 96 unafuata ukurasa wa 129. Asubuhi nilirudi kwake.

"Feruzi, kurasa thelathini na mbili ziko wapi?"

"Umeme ulikatika, kaka. Uliporudi nikaendelea pale kitabu kilipokuwa kimefunguka."

"Kilijifungua chenyewe?"

"Feni," akasema, akaionyesha kwa kidole.

Mwalimu alikuwa ameshapanda meli na kitabu chake. Mimi ni mtu wa utaratibu, nikakaa nikafikiri. Vitabu vyote vya shule nilivyowahi kusoma vilikuwa na mazoezi mwishoni mwa sura. Nikaamua kwamba kurasa zile ni za mazoezi. Nilijisikia hata fahari kidogo, kwamba nitajifunza lugha nzima bila kufanya mazoezi.

Kurasa zile ndizo zilizoeleza jinsi fanksheni moja inavyoikabidhi nyingine namba.

Mtauliza sikuona vipi. Niliona. Kila fanksheni ina mabano mbele ya jina lake, na katika kurasa nilizokuwa nazo mabano mengi yalikuwa matupu. Nikadhani ni adabu ya lugha, kama sisi tunavyotoa shikamoo hata kwa mtu tusiyempenda. Niliona pia kwamba zile fanksheni zilizokuja na lugha yenyewe, kama ile ya kuandika kwenye skrini, zinawekewa vitu ndani ya mabano. Nikadhani ni upendeleo wao. Baadaye simu za intaneti zilifika, na kila kitu kikapatikana, ila mtu hatafuti kitu ambacho hajui kwamba amekikosa.

Kwa hiyo programu zangu zote zilikuwa na sura moja. Juu kabisa, nje ya fanksheni zote, niliweka vigeu vyote. Kigeu kikikaa huko juu ni cha wote: fanksheni yoyote inakisoma, fanksheni yoyote inakiandika, na hakuna inayobisha hodi. Chini zikafuata fanksheni zenye mabano matupu. Zilifanya kazi. Hilo ndilo jambo baya kuhusu njia hii.

Aliyenifundisha kushika bisibisi, Mzee Rajabu, alikuwa fundi wa redio karibu na soko la Ujiji. Hakujua kompyuta na hakutaka kuijua. Alikuwa na sheria moja tu ya karakana: chombo hakiwekwi mezani, kinatoka mkono kwa mkono. Ukimaliza kutumia koleo unamtafuta anayelihitaji, unamwambia "pokea", naye anasema "nimepokea". Tulikuwa watatu katika chumba cha hatua nne kwa tano, na kutwa nzima ilikuwa pokea, nimepokea, kama tunacheza mpira. Siku moja nilichoka nikaweka kifaa cha kulehemu risasi mezani, cha moto. Mzee akanyoosha mkono bila kutazama, akitafuta penseli.

Hakupiga kelele. Aliuchovya mkono kwenye ndoo ya maji, akaniuliza, "Hiyo meza ni ya nani?"

"Ya wote, Mzee."

"Basi leo nimeipata sehemu yangu."

Nilimwona mzee mwenye visheria vyake. Miaka mingi baadaye nilikuwa nimejenga meza ileile ndani ya kila programu.

Dalili ya kwanza niliipata Simbo. Shule moja ilitaka kengele ya vipindi inayojipiga yenyewe, na kibao cha taa kinachoonyesha kipindi gani kinaendelea. Vipindi vilikuwa vinane. Cha nne kilikuwa mapumziko. Fanksheni kuu ilihesabu vipindi kwa kigeu kiitwacho i. Fanksheni ya kupiga kengele, inayopiga mara tatu, ilihesabu mapigo kwa kigeu hichohicho i. Siku ya kwanza kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Kengele ikapiga moja, mbili, tatu, ikaiacha i ikiwa na tatu. Fanksheni kuu ikaongeza moja, ikapata nne. Kibao kikawaka: MAPUMZIKO. Mapumziko yalipoisha kengele ikapiga tena mara tatu, ikaacha tatu, ikaongezwa moja. MAPUMZIKO. Hivyo mpaka jioni. Mwalimu mkuu alinipigia simu saa tisa na nusu. Wanafunzi hawakuwa wamelalamika.

Ningeliuliza swali sahihi siku ile, nisingeandika haya. Badala yake nilibadilisha jina la kigeu kimoja kuwa ii, kengele ikapona, nikaondoka na somo la uongo: kwamba shida ni majina kugongana. Nikanunua daftari la kaunta. Kila kigeu nilichokitengeneza nilikiandika humo: jina lake, kazi yake, fanksheni zinazokigusa. Programu ya mashine ya Mama Konsolata peke yake ilikuwa na vigeu thelathini na vitatu, vyote vimesajiliwa, kwa wino wa bluu. Nilimwonyesha kila mtu daftari lile. Fundi anayetunza daftari la makosa yake kwa mwandiko mzuri huonekana mtu makini sana.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Konsolata, kwa sababu hasara ya siku ile haikuwa ya mayai tu.

Familia yake ilitoka Burundi yeye akiwa mdogo, wakahamia Mwandiga baadaye. Anaishi na mama mkwe wake, Bibi Anastazia. Mashine aliinunua kwangu kwa fedha aliyoiweka miaka mitatu akiuza mihogo. Kazi yake ilikuwa hivi: majirani wanamletea mayai ya kuku wao, yeye anaandika jina la nyumba kwa penseli juu ya ganda, na baada ya siku ishirini na moja kwa kila mayai matatu anawarudishia vifaranga viwili. Vinavyozidi ni vyake. Yai lisipototoa, ni hasara yake, si ya jirani. Mwaka wa kwanza hakuna aliyempa hata yai moja. Walimwambia kuku wanajua kuatamia bila umeme. Alianza na mayai yake mwenyewe, watu wakaona, nyumba moja ikaleta, ikaja ya pili. Mwezi ninaousimulia zilikuwa nyumba kumi na moja, mayai mia mbili na arobaini, na kwa hesabu hiyo alidaiwa vifaranga mia na sitini. Akivikosa, jina alilolijenga kwa mwaka mzima lingeishia mle kwenye trei.

Alikuwa na ombi moja. Akienda gulioni husahau kuongeza maji kwenye sinia la ndani, na hewa ikikauka kifaranga hushindwa kuvunja ganda. Je, naweza kuweka kengele ya kumkumbusha kila baada ya masaa manane? Nikasema hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikaiandika palepale nyumbani kwake, kabla mayai hayajaingia, bodi ikiwa juu ya meza na balbu zimechomolewa. Daftari lilikuwa Ujiji.

Masaa manane ni dakika 480. Nilihitaji kigeu cha kubeba mwisho wa kuhesabu. Jina lililonijia ni kikomo. Kompyuta haikukataa, na niliichukulia kama ruhusa. Haikukataa kwa sababu kikomo kilikuwa tayari kimo huko juu, kati ya vigeu vya wote, tangu mwezi nilipoiandikia mashine programu yake. Kilikuwa kinabeba joto la juu kabisa ambalo balbu zinaruhusiwa kufikisha. Joto nililihesabu kwa sehemu za kumi, kwa hiyo nyuzi 37.8 ziliandikwa 378. Raundi ya kwanza baada ya kuwasha niliiwekea 480 moja kwa moja; kuanzia ya pili, kitufe kikibonyezwa, fanksheni ya maji iliandika hivi:

kikomo = 480;

Fanksheni ya joto ikaja kusoma, ikakuta mia nne na themanini, yaani nyuzi arobaini na nane. Ikawasha balbu zote nne kwenda kuzitafuta.

Niliijaribu kengele kabla ya kuondoka, kwa kuisogeza hesabu ya dakika hadi mwisho. Ililia, nikabonyeza, ikanyamaza. Balbu hazikuwepo za kuonyesha chochote. Na kwa siku kumi hakuna kilichotokea, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika kila siku kabla masaa manane hayajatimia. Ukikatika, Mama Konsolata alifunika mashine kwa blanketi na kuweka madumu ya maji moto. Ukirudi, programu ilianza upya, hesabu ya maji ikaanza sifuri, kengele haikufikia kulia. Jumanne ile umeme ulirudi saa kumi na moja na dakika mbili alfajiri, ukakaa. Saa saba na dakika mbili kengele ililia kwa mara ya kwanza tangu nimeiweka. Zilibaki dakika nane za kuchota maji na kuyapasha uvuguvugu. Programu yangu ilikuwa salama maadamu umeme ni mbaya.

Alinipigia saa saba na dakika thelathini na nne.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mashine?"

"Mashine nzima. Inasema thelathini na tisa nukta nne."

"Isome tena."

"Thelathini na tisa nukta tano."

Nilimwambia abonyeze kitufe chekundu, akishikilie sekunde tano. Nilikuwa nakumbuka vibaya. Kitufe cha kuanzisha upya kilikuwa cheusi, ndani, pembeni mwa bodi. Chekundu kilikuwa cha maji. Nilimwagiza aandike 480 mara ya pili, kwa kushikilia.

"Nimebonyeza, fundi. Arobaini kamili."

"Subiri kidogo itashuka."

Haikushuka. Nyuma ya sauti yake nilisikia Bibi Anastazia akiingia.

"Yewe mukazana, mke wa mwanangu, mbona chumba kinanuka vumbi la moto?"

"Fundi anasema tusubiri, mama."

Nikasikia mlango wa mashine ukifunguliwa. Kadi yangu ilikuwa na mstari wa pili, kwa herufi kubwa zaidi: USIFUNGUE MLANGO. USIZIME. PIGA SIMU.

"Mama, kadi inasema tusifungue!"

"Hiyo kadi imewahi kuatamia?" Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa ameliweka yai kwenye kope la jicho lake, maana ngozi ya kope haidanganyi kuhusu joto. Ndivyo walivyopima kwao. "Linaunguza. Mwambie huyo fundi wako linaunguza."

"Fundi, mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie asichomoe plagi, nataka kwanza nijue..."

"Ego," alisema Bibi, yaani ndiyo kwa Kirundi, si kwangu, na simu ikajaa sauti ya ungo ukipepea. Alikuwa ameshachomoa. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini na moja, na skrini kabla ya kuzimika ilionyesha 41.6.

Nilifika kwa bodaboda saa tisa kasoro dakika tano. Mayai yalikuwa ndani ya matenga mawili, yamefunikwa kwa kanga. Nilimwamkia Bibi, akaitikia bila kuacha kupepea. Nikachomeka mashine ikiwa tupu. Joto likapanda hadi 37.8, balbu zikazima. Likashuka kidogo, zikawaka. Programu ilikuwa nzima, kama mgonjwa anayepona ghafla akifika hospitali. Nikakagua nyaya. Nikakagua kipimajoto. Nikasema labda umeme ulikuwa mkubwa kupita kiasi.

"Ilianza mlipobonyeza," alisema Bibi.

"Bibi, kile kitufe ni cha maji tu. Hakihusiani na joto."

"Mimi sijui ni cha nini. Najua ni lini."

Vijana, nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu kutafuta makosa ya programu, na sijakutana na sentensi bora kuliko hiyo. Niliunganisha kompyuta yangu ndogo, nikaiamuru mashine ionyeshe kila kigeu kila sekunde, nikabonyeza kitufe chekundu. Vigeu thelathini na viwili viliendelea na kazi zao. Cha thelathini na tatu, kikomo, kiliruka kutoka 378 hadi 480.

Mama Konsolata akauliza kama nimeona.

"Nimeona."

"Ni nini?"

"Ni mimi."

Bibi akaweka ungo chini kwa mara ya kwanza. "Afadhali," akasema. "Nilidhani ni umeme, na umeme hauna mtu wa kumsema."

Jioni hiyo sikuandika jina jipya daftarini. Nilirudi Ujiji nikatafuta kwenye simu neno moja tu, maana ya mabano, na nikasoma kurasa thelathini na mbili zilizopeperushwa na feni ya Feruzi. Yaliyomo ni machache kuliko mnavyoogopa, nami nitayasema kama nilivyoyaelewa.

Namba unayotaka fanksheni itumie, iweke ndani ya mabano wakati wa kuiita. Inapokea nakala. Ni kama nimekuandikia namba kwenye karatasi nikakupa: ukiichana, ukiichora, yangu imebaki mfukoni. Fanksheni ikimaliza, inarudisha jibu moja. Kwa kazi tisa kati ya kumi hilo linatosha.

Ukitaka fanksheni ibadilishe kigeu chako chenyewe, usiipe nakala, ipe anwani. Hiyo ndiyo pointa, na vijana wengi mnaikimbia bure. Ujiji hatuna namba za nyumba zinazoaminika. Tunamwelekeza mtu: pita msikiti, nyumba ya pili yenye geti la kijani. Akifika anaweza kuhamisha viti. Kwa hiyo unafikiri kwanza nani unampa maelekezo, na unahakikisha nyumba bado ipo. Kigeu cha ndani ya fanksheni hubomolewa fanksheni ikiisha. Ukimpa mtu anwani yake baada ya hapo, atafika atakuta kiwanja, na C haitamwonya. Itamwacha akae kwenye kiwanja na kukiita sebule.

Kama fanksheni inahitaji kukumbuka kitu tangu ilipoitwa mara ya mwisho, kama hesabu ya dakika za maji, kiwekee kigeu chake humo ndani na neno static mbele. Kitakumbuka, na hakitatoka nje ya chumba. Na namba isiyotakiwa kubadilika kamwe, kama 378, itangulizie const. Ningekuwa nimeandika herufi hizo tano mbele ya kikomo, kompyuta ingekataa mstari wangu siku ileile mezani, kabla yai hata moja halijaandikwa jina.

Sisemi kigeu cha wote ni haramu. Saa ya mashine niliiacha huko juu mpaka mwisho. Lakini fanksheni moja tu inaiandika. Nyingine zote zinasoma. Ukiona waandishi wawili, simama.

Siku mbili baada ya ajali nilirudi Mwandiga na programu mpya. Tulifunga madirisha, tukapima mayai kwa tochi, moja moja. Yai hai linaonyesha mishipa myekundu kama mizizi na kitu kinachojirusha. Lililokufa ni kivuli kisichosogea chenye pete ya damu. Mama Konsolata alishika tochi, Bibi akapanga, mimi nikaandika majina ya nyumba kutoka kwenye maganda. Yaliyokufa yalikuwa sabini na manne. Kila nyumba ilikuwa imeguswa.

"Nisiwaambie kwanza," Mama Konsolata alisema, akijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kisha akazima tochi. "Hapana. Nitawaambia. Wakijua kwa mtu mwingine ndiyo nimekwisha."

Alipita nyumba zote kumi na moja jioni hiyo. Sikwenda naye; alisema fundi akiwepo itaonekana amekuja na wakili.

Siku ya ishirini na moja vilitoka vifaranga mia na thelathini na kimoja. Vilipungua ishirini na tisa. Nilivinunua Kigoma mjini asubuhi hiyo, na kwa kuwa vya kienyeji havikupatikana, vyote vilikuwa vya njano, wakati vile vya kwenye mashine vilikuwa vyeusi na kahawia na vya madoa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa vipi ni vipi. Majirani walikaa kwenye mkeka na mabeseni yao, na mzee mmoja mwenye mayai thelathini, Baba Yusta, akakiinua cha njano akakitazama miguuni.

"Huyu mgeni katoka wapi?"

"Amenunuliwa," alisema Mama Konsolata. "Niliwaambia mashine ilipata joto."

"Mashine nayo inapata homa?"

"Ilipata. Aliyeiambukiza ndiye huyo amekaa hapo."

Wakanigeukia. Nilisalimia. Baba Yusta akasema yeye hapokei wa njano kwa kupangiwa tu, kila kifaranga kipigiwe kura ya nani atakichukua, na wote wakapigiwa kura, wakahesabiwa, mia na sitini, kila nyumba ikapata idadi yake. Mzunguko uliofuata zilileta mayai nyumba tisa. Mbili hazikurudi mara hiyo; moja ilirudi miezi mitatu baadaye, nyingine mpaka leo ina kuku wanaoatamia bila umeme.

Watu walipoondoka nilimpa Mama Konsolata bahasha. Ndani ilikuwa na shilingi elfu sitini, thamani ya vifaranga thelathini vya ziada ambavyo kwa kawaida vingekuwa vyake mzunguko ule. Aliisukuma kurudi kwangu.

"Fundi, vifaranga hivyo havikuwepo. Nitapokeaje hela ya kitu ambacho hakikuwepo?"

"Vingekuwepo."

"Vingekuwepo si vipo."

"Leteni huku," alisema Bibi Anastazia, akainyoosha mikono yote miwili, kwa heshima kamili. "Mimi ndiye niliyevipepea." Akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akatuuliza kama tunakunywa chai.

Kwa hiyo, kwa mnaopenda kuona mwisho wa hesabu: vifaranga ishirini na tisa kwa elfu mbili kila kimoja ni elfu hamsini na nane. Bahasha, elfu sitini. Nauli za kwenda na kurudi, elfu nane. Kizima joto cha kawaida cha chuma, kisicho na programu yoyote ndani yake, nilichokifunga juu ya balbu ili kikate umeme joto likipita nyuzi thelathini na tisa hata kama mimi ndiye ninayesema lisikatwe, elfu ishirini na mbili. Kurekebisha programu kulichukua dakika sita na sikutoza. Nilipoteza shilingi laki moja na elfu arobaini na nane.